Wa Mwisho kwenye Orodha

Kazi yangu ni kuingia kwenye ofisi za watu na kuwasaidia waione kazi yao wenyewe. Ukiniuliza nafanya nini, nitakujibu hivyo, nawe utanitazama kana kwamba nimekuambia nauza upepo. Mama yangu mpaka leo huwaambia majirani kuwa mimi ni mwalimu wa watu wazima, na si uongo sana. Mshona viatu akimaliza siku huona viatu. Lakini mtu wa mezani, wa kuandika na kukokotoa na kutuma taarifa, muulize jioni leo umefanya nini, atakuambia, "Ah, leo tulikuwa na shughuli, we acha tu." Shughuli gani? Hajui. Basi mimi humpa karatasi.

Karatasi yenyewe haina ufundi. Kila nusu saa unaandika ulichokuwa ukifanya, kwa mkono wako, bila kujipamba, kwa muda wa wiki mbili. Kisha tunakaa chini na kalamu mbili. Kazi inayomfikia yule unayemtumikia inapigwa mstari wa kijani, isiyomfikia inapigwa nyekundu. Na nina sharti moja nililokuwa nikilitangaza kwa kiburi kila ofisi niliyoingia, kuanzia Kilifi mpaka Malindi: mimi sishiki kalamu. Kila mtu ajipigie mstari mwenyewe, asije kesho akasema nimemwonea.

Ofisi ninayotaka kuieleza ilikuwa Malindi, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa ndogo, ya watu watano, na kazi yake ilikuwa moja: kuwaonya wakulima wa kingo za Sabaki maji yanapokuja. Mwenyeji wa huku haelezwi, lakini wewe wa mbali nikuambie. Sabaki hauna habari na mvua ya Malindi. Jua linaweza kuwa linaunguza, watu wameanika nguo, na mto ukaja umevimba kwa mvua iliyonyesha bara siku mbili nyuma. Kwa hiyo kulikuwa na mtu huko juu aliyesoma kimo cha maji kwenye nguzo na kupiga simu ofisini. Msichana mmoja aliingiza kimo kile kwenye kompyuta na kukokotoa maji yatafika saa ngapi. Mkuu wa ofisi alitia sahihi. Halafu mzee wa simu akaanza kupiga.

Mzee wa simu ndiye mtu ninayetaka umjue. Alikuwa mtu wa Mambrui, miaka miwili kabla ya kustaafu, kofia nyeupe iliyofuliwa ikafulika, na sauti ya mtu aliyesoma Kurani tangu utotoni. Mezani kwake kulikuwa na daftari lenye majina ishirini na mawili, mtu mmoja kwa kila kipande cha mashamba, kuanzia daraja la Sabaki hadi mto unakokutana na bahari. Maji yakija, aliwapigia wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa mto unavyoshuka.

Niliitwa kwa sababu ya yule wa mwisho kwenye orodha. Msimu uliopita maji yalimfikia kabla ya simu. Yalichukua mahindi yake, bilingani zake na pampu aliyokuwa hajaitumia hata mwaka. Yeye mwenyewe aliokoka kwa kupanda mnazi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akakaa juu mpaka watu wakamfuata na kamba. Mkuu alinionyesha picha ya shamba lile baada ya maji kupungua. Akaniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama huyu nataka simu yake ifike mapema. Mengine yote ni ziada." Nikamwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli.

Siku ya tatu nilikwenda shambani kwake pamoja na mzee. Tulimkuta anang'oa magugu kwenye mchicha, kanga kajifunga kiunoni, binti yake wa miaka ishirini hivi anamwagilia. Salamu zao na mzee zilichukua robo saa nzima, nikihesabu. Hujambo, sijambo, habari za tangu juzi, watoto, mgonjwa aamkaje, yule mbuzi aliyekuwa na mguu, harusi ya jirani iliishaje. Mimi nimesimama juani na daftari langu. Mwisho yule mama alinigeukia akacheka, akasema, "Wewe ndiye uliyeletwa kumpunguzia mzee wetu maneno? Mpunguzie basi! Maji yako mlangoni, yeye aniuliza mbuzi wangu ameamkaje!"

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. "Na mbuzi ameamkaje?" akasema.

Nilimpenda yule mama palepale. Alinionyesha kijito kinachopita nyuma ya shamba lake. Kikiwa kikavu unakivuka bila kuvua viatu, lakini mto ukija, maji huingia kwanza kupitia huko nyuma, na wewe uliye mbele ukitazama mto huoni kitu. Ukigeuka, njia imeshafungwa. Ndiyo maana alipanda mnazi. "Nikiambiwa mapema," alisema, "navuka kwa miguu yangu, nakaa kwa dada yangu huko juu, natazama maji yakipita kama watu watazamavyo mpira."

Nilirudi ofisini na lile neno mapema kichwani.

Sasa lazima nikiri jambo kuhusu mimi na salamu. Mimi ni mtoto wa kike wa Malindi, mtaa wa Shela, na nilikua nikitumwa. Mama akitaka chekecheo kwa jirani, ananituma mimi. Lakini hukuweza kwenda kwa jirani ukasema nipe chekecheo. Ungeanza na shikamoo, na salamu za mama, na za bibi, ukaulizwa shule, ukaambiwa kaa kitako, ukapewa kaimati, ukaulizwa tena bibi miguu yamuuma bado? Chekecheo lilikuja mwisho kabisa, na ukirudi nyumbani unapigwa kwa kuchelewa. Nilisema nikiwa na miaka kumi kwamba nikikua sitamsalimia mtu. Watu hucheka nikisimulia hivyo. Mimi sikuwa nikicheka.

Zile wiki mbili za karatasi zilikwenda vizuri kuliko ofisi nyingi nilizopitia. Msichana wa kompyuta aligundua kwamba karibu nusu ya asubuhi yake inaisha kutafuta jedwali la jana, kwa sababu yote yameitwa "mpya," na "mpya kabisa," na "mpya ya mwisho," na moja, Mungu nisamehe, "mpya ya mwisho ya kweli." Alipoyaona hayo kwa mwandiko wake mwenyewe aliziba uso kwa mtandio. Mkuu naye aligundua kuwa maonyo yamekuwa yakimsubiri yeye atie sahihi, naye yuko Kilifi mkutanoni, anakunywa chai na mahamri. Alijipigia mstari mwekundu mrefu. Tukakubaliana sahihi si lazima tena, kimo kikivuka alama fulani onyo litoke lenyewe. Hayo mawili peke yake yaliokoa zaidi ya saa moja. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema mpaka leo.

Karatasi ya mzee ilikuja ya mwisho. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa zamani, herufi zimelala upande. Kila simu aliigawa vipande, maana niliwaambia wasijifiche. Dakika ya kupiga na kungoja. Dakika tano au sita, salamu. Dakika moja, habari ya maji. Simu ishirini na mbili. Piga hesabu mwenyewe. Yule mama wa mwisho alikuwa akipata habari saa mbili na zaidi baada ya wa kwanza, na karibu muda wote huo ulikuwa ni kuulizana hali.

Tulikaa kwenye chumba cha katikati, watu wote watano na mimi, feni inalia. Mzee alishika kalamu nyekundu akaitazama.

"Hizi salamu," akasema, "sijui niziweke wapi."

Nikamuuliza swali ninalowauliza wote. "Mzee, jiulize tu. Salamu inamtoa mtu shambani?"

Alifikiri sana. Mimi nilikuwa na subira ya kazi, ambayo si subira ya kweli, ni kunyamaza tu ukingoja mtu aseme unachokitaka. Akasema, "Kwa salamu najua nazungumza na nani. Pengine simu imeshikwa na mtoto. Pengine mtu yuko hospitali, na mimi namwambia aondoke shambani. Akiniitikia najua yu mzima na amenisikia."

"Sawa. Lakini inamtoa?"

"Hapana," akasema. "Kumtoa, hapana."

"Na yule wa mwisho? Yeye akusubiri mpaka umalize kumsalimia nani na nani?"

Hilo lilikuwa pigo chini ya kiuno, na nilijua. Nilimwona akiikumbuka ile picha ya shamba. Aliinamisha kichwa, akapiga mstari mwekundu juu ya neno salamu, mara moja, kisha akaenda kwenye mstari wa pili na wa tatu, mpaka ishirini na mbili, polepole, hakuruka hata mmoja. Mimi sikugusa kalamu. Wenzake wakampigia makofi, na mimi pia.

Tukaamua habari itoke kwa ujumbe wa simu, kwa wote kwa wakati mmoja. Mzee alikuwa na ombi moja tu. "Tutie basi assalamu alaikum hapo mwanzo. Na jina langu, wajue ni mimi." Nikamweleza kwamba ujumbe unatoka kwenye mtambo, hautoki kwa mtu, na kila neno la ziada linasukuma habari chini, mwenye simu ndogo haioni mpaka afungue. Akasema, "Haya, mwanangu, nyinyi ndio wasomi." Hakulisema kwa kejeli. Laiti angelisema kwa kejeli, pengine ningekasirika, na mimi nikikasirika huwa nafikiri vizuri zaidi.

Ujumbe tuliouandika nimeuhifadhi kichwani kama sura ya Kurani, saa tu ndiyo ingebadilishwa kila mara. ONYO. KIMO CHA MTO SABAKI KINAPANDA. ONDOKA KINGONI KABLA YA SAA NANE MCHANA. Tuliujaribu hapohapo ofisini. Simu sita juu ya meza zikalia kwa pamoja, na msichana wa kompyuta akaruka kwa furaha. Hatukuujaribu kwa mkulima hata mmoja. Hili naliandika bila kulizungushia maneno: mimi ninayefundisha watu kumwangalia yule wanayemtumikia, sikuupeleka ule ujumbe kwa mkulima hata mmoja kumuuliza, huu ukikujia, utaufanya nini?

Na ningemuuliza yeyote, angeniambia. Huku kwetu simu za watu zimejaa matapeli. Umeshinda gari. Mwanao kapata ajali, tuma pesa kwa namba hii. Laini yako inafungwa leo. Yote hayo huja vivyo hivyo, kwa herufi kubwa, kwa haraka, kutoka namba usiyoijua, bila salamu. Hakuna mtu wa heri anayeanza kusema na mwenzake bila kumjulia hali. Hata mwenye kuleta habari ya kifo husema hodi kwanza. Nililijua hilo tangu nikiwa na chekecheo mkononi. Nililijua na nikalichukia, ndiyo maana sikutaka kulikumbuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Kimo kililetwa kutoka bara asubuhi, kilikuwa kikubwa, na saa tatu kasoro dakika chache ujumbe ukatoka. Mimi nilikuwepo makusudi. Mtambo ulionyesha wote ishirini na wawili wamepata, chini ya dakika moja. Mkuu alipiga simu kutoka Kilifi akasema, "Mashallah, mashallah, saa tatu asubuhi! Zamani saa hizi tungekuwa bado tunatafuta sahihi." Nilifurahi, na sitasema sikufurahi. Nilimfikiria yule mama anavuka kijito kikavu kwa miguu yake, anakwenda kwa dada yake.

Mzee alikaa mezani kwake, mikono juu ya daftari. Hakuwa na la kufanya. Alifungua daftari akalifunga. Baada ya muda akainuka akaja niliposimama.

"Mwanangu, nimpigie yule wa mwisho tu. Mmoja. Nisikie sauti yake."

Hapa ndipo penyewe. Wengine wakisimulia husema sikujua, nilikuwa mbali, nilizuiwa. Mimi niliulizwa, kwa Kiswahili safi, na mtu mwenye umri wa baba yangu, na simu ilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia, "Mzee, tukianza kupiga leo hatutajua kama mfumo unafanya kazi. Tuuache siku hii ya kwanza ufanye kazi wenyewe. Amepata ujumbe, tazama, alama hii hapa."

Akaitazama ile alama kwenye kompyuta. "Alama naiona," akasema. Akarudi kukaa. Na mimi nikaandika kwenye daftari langu kwamba mfanyakazi mmoja bado anavutwa na mazoea ya zamani.

Saa tisa kasorobo simu ya mezani ililia. Alikuwa mkulima wa kipande cha kumi na tano, anapiga makelele, kuna maji. Wengi wao, ilivyokuja kujulikana, hawakuuamini ujumbe. Wachache vijana waliondoka, wengine walifuta wakaendelea kulima, na walipoyaona maji wakakimbia, wakaacha majembe na punda. Huko juu unaweza kukimbia, ardhi imeinuka. Kwa yule wa mwisho huwezi. Mzee alishampigia kabla yule mkulima hajamaliza kusema. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga mara nyingi sana, amesimama, na kila ikikatika anasema kwa sauti ya chini, "Lahaula wala kuwata," anaanza tena. Msichana wa kompyuta alianza kulia kabla ya sisi sote, na mimi nikamwambia kwa ukali anyamaze, hatujui kitu bado.

Alipatikana kesho yake asubuhi, kule chini mto unapoingia baharini, kwenye mchanga. Binti yake alikuwa kwa mama mdogo siku ile mchana, amepeleka mboga, ndiyo maana alipona.

Walimzika kabla ya adhuhuri. Mkuu alitaka ripoti kabla ya watu kuanza kusema, nami nikaiandika jioni ileile. Niliandika kwamba onyo lilitoka saa tatu kasoro. Niliandika kwamba liliwafikia wote ishirini na wawili ndani ya dakika moja. Niliandika kwamba muda kati ya onyo na maji kumfikia wa mwisho ulikuwa zaidi ya saa tano, ambapo zamani usingefika saa moja. Kila neno lilikuwa kweli. Mkuu aliisoma akashusha pumzi. Ofisi nyingine ya Kilifi iliniita mwezi uliofuata kwa sababu ya ripoti ile, na nilikwenda. Bado ninakwenda. Karatasi ni ileile, kalamu ni zilezile, ila siku hizi wakipiga makofi mimi hutoka nje.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda Sabaki na mzee. Nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nilitaka anilaumu. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, tena mazuri, na hakunipa nafasi ya kuyatumia.

Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Mzee alisimama mlangoni kutoa pole kwa wafiwa, nami nimesimama kando yake, bado sijavua viatu. Binti akatoka. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Mkononi alikuwa na simu ya mama yake, ile ndogo ya vitufe, aliyoisahau nyumbani siku ile alipokwenda shambani mara ya mwisho. Ndiyo ile aliyokuwa akiipigia mzee.

Alimpa mzee simu aitazame. Ujumbe ulikuwa umefunguliwa.

"Uliingia tuko hapa nyumbani, tunakunywa chai," alisema. Hakuwa akilia. "Mama hasomi vizuri, akanipa nimsomee. Nikamsomea. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Akasema, hawa ni wale wezi, wanataka watu watoke mashambani wakaibe pampu za watu. Nikamwambia, mama, na kama ni kweli? Akasema, ingekuwa kweli mzee angepiga."

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili.

"Tukakungoja, babu," binti akasema. "Mama aliweka simu mapajani, akawa anamenya mihogo. Kila baada ya muda anaitazama. Akaniambia nisitoke nayo, mzee atapiga. Mimi nikaondoka na mboga nikamwacha bado anangoja. Jirani asema alikaa mpaka adhuhuri, akaswali, kisha akasema haya, hakuna kitu, akaenda kuvuna mchicha." Akamtazama mzee usoni. "Mbona hukupiga?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa fupi, neno moja, nilimkataza. Mzee alikuwa na haki ya kulisema, na binti alikuwa na haki ya kulisikia, na mimi nilikuwa karibu nao kiasi cha kuwagusa wote wawili. Nilihisi mzee anageuka kidogo upande wangu, kisha akaacha.

"Nilisahau, mwanangu," akasema.

Binti aliendelea kumtazama. Alikuwa akimjua tangu mdogo, sauti yake ilikuwa ikiingia nyumbani mwao kila msimu wa mvua, ikiuliza kila mtu na kila mnyama. Nilidhani atapiga kelele. Alinyoosha mkono tu, akachukua simu ya mama yake kutoka kwenye mikono ya mzee, akaifuta kwa kanga.

Kisha akanigeukia mimi, akapokea ule mfuko wa sukari.

"Ahsante, ma, kwa kuja," akasema. "Mama alikupenda."

Nami nikamwambia, "Si kitu, mwanangu," nikavua viatu, nikaingia ndani nikakaa na wanawake.